Anayeandika juu ya Kamari Sharti Aijue Hesabu Yake

Zamani habari za kamari zilipatikana katika ukurasa mmoja tu wa gazeti, nao ni ukurasa wa mahakamani. Fulani amekamatwa akichezesha karata tatu sokoni. Fulani ametozwa faini. Leo mambo yamegeuka. Kamari inachezwa kwa idhini ya sheria, inachezwa kwa simu ya mkononi, na dau hulipwa kwa fedha zilizomo katika simu hiyo hiyo. Magazeti, redio na televisheni nazo zimeipa nafasi kubwa. Kuna utabiri wa mechi za Ulaya, kuna orodha za mechi zinazoitwa "za uhakika", na kuna masimulizi ya kijana aliyeweka dau la shilingi mia chache usiku akaamka asubuhi akiwa na mamilioni.

Maandishi hayo husomwa na watu wa kila namna. Karani huyapitia ofisini wakati wa chai. Mwanafunzi wa sekondari huyasoma kwa makini ambayo mwalimu wake angependa kuyaona katika somo la hisabati. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umekwisha siku ya kumi na tano ya mwezi huyasoma akitafuta mlango wa kutokea. Kwa sababu hiyo yafaa swali moja liulizwe waziwazi: Je, wanaoyaandika wanayajua wanayoyaandika?

Gazeti likitaka makala juu ya ugonjwa wa minazi humtafuta bwana shamba. Likitaka kueleza malaria humwendea mganga wa hospitali. Lakini makala ya kamari hupewa mtu yeyote aliye karibu na mwenye muda. Chanzo chake ni dhana iliyoenea kwamba kamari ni jambo la bahati, na bahati haina utaalamu. Dhana hiyo ni kosa, nalo ni kosa linalowagharimu watu fedha. Bahati humhusu mchezaji wa siku moja. Mwenye mchezo haishi kwa bahati hata kidogo. Anaishi kwa hesabu, na hesabu yake haina siri.

UTAALAMU UPO TANGU ZAMANI

Yafaa ikumbukwe kwamba elimu ya kupima uwezekano wa mambo ilizaliwa mezani pa kamari. Girolamo Cardano, mganga na mwanahisabati wa Italia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kitabu juu ya michezo ya dadu ambacho hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1663. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya swali hili: wachezaji wawili wakiukatiza mchezo kabla haujakwisha, dau ligawanywe vipi kwa haki? Kutokana na barua hizo ilikua elimu ambayo leo hutumiwa na makampuni ya bima, na wataalamu wa takwimu, na madaktari wanaojaribu dawa mpya.

Maana yake ni kwamba mwandishi wa kamari hana udhuru. Anayeandika juu ya mvua za mwakani anakabili jambo ambalo hata wataalamu hawana hakika nalo. Anayeandika juu ya dadu, karata, gurudumu la kasino au bahati nasibu anakabili jambo lililokwisha kupimwa kwa muda wa miaka zaidi ya mia tatu na hamsini. Mpira wa miguu haupimiki kwa ukamilifu kama dadu, lakini malipo yanayotolewa juu yake yanapimika kwa penseli na karatasi.

MAGAZETI YA MONTE CARLO

Jinsi uandishi wa ovyo unavyoweza kupotosha hata watu wenye akili inaonekana katika mkasa mmoja wa karne ya 19. Huko Monte Carlo, penye kasino mashuhuri, gazeti liitwalo Le Monaco lilikuwa likichapisha matokeo ya ruleti, yaani gurudumu lenye namba zenye rangi nyekundu na nyeusi. Mwanahisabati wa Uingereza, Karl Pearson, aliyafanyia hesabu matokeo hayo, na mwaka 1894 akatoa makala juu yake. Aliona jambo la ajabu. Nyekundu na nyeusi zilikuwa zikibadilishana mara nyingi kupita kiasi. Rangi moja kujirudia mara mbili au tatu mfululizo, jambo ambalo lazima litokee mara kwa mara katika gurudumu la haki, kulitokea mara chache mno. Kwa matokeo kama yale, hesabu ilisema, mchezo ule haukuwa mchezo wa bahati hata kidogo.

Maelezo yaliyotolewa baadaye ni rahisi na ya aibu. Inasimuliwa kwamba waandishi waliopewa kazi ya kuketi mezani na kuandika kila namba iliyotoka, waliona taabu, wakazibuni namba wenyewe. Binadamu akibuni matokeo ya bahati huogopa kurudia rangi moja, kwa sababu anadhani bahati ni kupokezana. Gurudumu halina hofu hiyo. Basi kilichogunduliwa na Pearson kilikuwa ni uvivu wa waandishi, wala si hila ya kasino. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mwenye kujua hesabu ni fupi zaidi.

Mkasa huo unafundisha mambo mawili. Kwanza, maandishi ya kamari yanaweza kukaguliwa. Pili, asiyeshuhudia mchezo wenyewe, akaandika kwa kukisia, atajifunua tu mbele ya anayejua.

NAMBA 53

Italia ilipata funzo jingine, lenye machozi zaidi. Katika bahati nasibu ya nchi hiyo namba 5 huchaguliwa kati ya 90 kwa kila mji ulio katika orodha, na Venice ni mmojawapo. Tangu Mei 2003 namba 53 haikutokea katika droo ya Venice. Miezi ikapita. Ulikuwapo desturi ya siku nyingi ya kuchapisha orodha za namba "zilizochelewa", na orodha hizo zikawa zinasomwa kama ratiba ya gari moshi: namba 53 imekawia, basi haina budi kufika. Watu waliweka akiba zao. Wengine walikopa. Makadirio yaliyotangazwa wakati huo yalisema fedha zilizowekwa juu ya namba hiyo moja zilipita yuro bilioni 3. Ziliripotiwa habari za familia zilizofilisika, na hata za watu waliojiua. Namba 53 ilitoka tarehe 9 Februari 2005, baada ya watu wengi kuwa wamekwisha angamia.

Mwandishi mwenye ujuzi angewaambia wasomaji wake jambo moja tu tangu mwezi wa kwanza. Uwezekano wa namba yoyote kutoka katika droo moja ya Venice ni 5 kati ya 90, yaani 1 kati ya 18. Ulikuwa hivyo siku ya kwanza, ukawa hivyo baada ya droo mia. Mipira inayozungushwa katika chombo haina kumbukumbu. Haijui kwamba imekawia. Kuchapisha orodha ya namba zilizochelewa bila kuandika sentensi hiyo chini yake ni kumpa msomaji taarifa ya kweli kwa namna inayomdanganya.

Kosa la Venice haliko mbali na hapa. Lipo katika kila makala inayosema kwamba timu fulani haijatoka sare kwa mechi nane, kwa hiyo "sasa ni zamu ya sare". Yawezekana timu ikawa na sababu ya kutoka sare: majeruhi wengi, uwanja mbovu, kocha anayelinda lango. Sababu hizo ziandikwe. Lakini zamu si sababu.

HESABU YA MKEKA

Tuseme mwandishi ametakiwa aeleze mkeka, yaani tiketi inayounganisha mechi nyingi ili malipo yazidishwe. Hapa ndipo ujuzi au ujinga hudhihirika upesi.

Chukua swali rahisi la mchezo wa mpira ambalo lina majibu mawili yenye nguvu sawa, kama vile mabao yote ya mechi kuzidi mawili au kutozidi. Kama nafasi ni nusu kwa nusu, malipo ya haki kwa kila shilingi 1 ni shilingi 2. Kampuni hailipi 2. Tuseme inalipa 1.90. Tofauti inaonekana ndogo. Mchezaji anayeweka shilingi 1,000 anarudishiwa, kwa wastani wa muda mrefu, shilingi 950. Shilingi 50 ndiyo bei ya kucheza, kama vile nauli ilivyo bei ya kupanda basi.

Sasa unganisha mechi 10 za namna hiyo katika mkeka mmoja. Nafasi ya kupata zote ni nusu iliyozidishwa mara kumi, yaani 1 kati ya 1,024. Malipo ya haki yangekuwa mara 1,024 ya dau. Lakini 1.90 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi hutoa takriban 613. Mchezaji wa shilingi 1,000 aliyebashiri mechi zote kumi sawasawa angestahili shilingi 1,024,000; atalipwa kama 613,000, na atacheka kwa furaha, na picha yake itatoka gazetini. Ile bei ya asilimia 5 imekua kimyakimya mpaka ikafika asilimia 40.

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya ubaoni. Lakini ni makala ngapi za mikeka zinazoiandika? Nyingi husifu mkeka mrefu kwa sababu malipo yake ni makubwa, na hazisemi kwamba kila mechi inayoongezwa humzidishia mwenye mchezo fungu lake.

Hadithi za washindi nazo zipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Tuseme watu 10,240 wamenunua mkeka huo, kila mmoja kwa shilingi 1,000, na kila mmoja akachagua kivyake. Zimekusanywa shilingi 10,240,000. Kwa wastani watu 10 watashinda, nao watalipwa jumla ya kama shilingi 6,130,000. Kampuni itabaki na shilingi milioni 4 na zaidi kidogo. Watu 10,230 mikeka yao imechanika. Mwandishi asiyejua kazi yake atamtafuta mshindi mmoja kati ya wale kumi, atamuuliza alijisikiaje, na ataandika ukurasa mzima. Hakuandika uongo hata sentensi moja. Lakini msomaji aliyemaliza makala hiyo anajua machache kuliko alivyojua kabla ya kuisoma, kwa sababu amemwona mmoja akadhani amewaona wote. Mwandishi mjuzi ataandika habari za mshindi pia, kwani ni habari. Kisha ataongeza tiketi ziliuzwa ngapi, au walau nafasi ya kushinda ilikuwa kiasi gani.

Jekipoti zipimwe vivyo hivyo. Mechi 13, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zina njia 1,594,323 za kumalizika. Hata mjuzi wa mpira ambaye hupatia nusu ya mechi zote anazotabiri, atapata zote 13 mara 1 tu kati ya 8,192. Takwimu hizo zikiandikwa chini ya tangazo la mamilioni, tangazo litabaki vile vile, lakini msomaji atakuwa amepata macho.

MBINU ZISIZOSHINDWA

Kuna aina ya makala inayopendwa sana, nayo ni ile inayouza mbinu. Kongwe kuliko zote ni ya kuongeza dau maradufu kila unapopoteza, mpaka ushinde urudishe yote na faida juu. Inavutia kwa kuwa mara nyingi hufanikiwa, na mwandishi aliyeijaribu juma moja atatoa ushahidi kwamba imemfaa.

Ataalamika akiandika hesabu nzima. Anayeanza na shilingi 1,000 akapoteza mara kumi mfululizo amekwisha poteza shilingi 1,023,000, na dau la kumi na moja ni shilingi 1,024,000. Faida anayoikimbilia kwa fedha zote hizo ni ile ile shilingi 1,000 ya mwanzo. Katika ruleti yenye nafasi 37 kupoteza mara kumi mfululizo juu ya rangi moja hutokea takriban mara 1 katika kila mifululizo 784 inayoanzishwa. Hilo si jambo la nadra kwa mtu achezaye kila siku. Mbinu hiyo haiondoi hasara; inaikusanya mahali pamoja na kuisubirisha.

Gurudumu lenyewe lina hesabu iliyo wazi. Lina nafasi 37, na anayepatia namba moja hulipwa faida ya 35 kwa 1. Ukiweka shilingi 1 juu ya kila namba, umelipa 37, nawe utapokea 36. Katika aina ya Marekani kuna sifuri mbili, nafasi ni 38, na malipo ni yale yale. Kwa sifuri hiyo moja iliyoongezwa, fungu la kasino hupanda kutoka asilimia 2.7 hadi asilimia 5.3. Mwandishi anayeuita mchezo huo "ruleti" bila kusema ni ya aina gani hajaketi mezani, au aliketi bila kuhesabu.

Isidhaniwe kwamba utaalamu wa kweli haupo kabisa. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha mwaka 1962 kitabu kiitwacho Beat the Dealer, kilichoonyesha kwamba katika mchezo wa karata wa ishirini na moja, mwenye kukumbuka karata zilizokwisha toka anaweza kumpita mwenye meza kwa kiasi kidogo. Hakudai ndoto wala nyota. Alitumia kompyuta, akaandika hesabu yake yote, akaeleza ni wakati gani mbinu inafaa na wakati gani haifai. Makasino yenyewe yalitoa ushahidi: mwaka 1964 yale ya Las Vegas yalibadili kanuni za mchezo huo, kisha yakazirudisha baada ya wateja kupungua. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mtaalamu na mpiga ramli. Mtaalamu huweka kazi yake mezani ili mwingine aijaribu. Mpiga ramli husema, "Niamini, nilishinda jana."

Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mtabiri wa mechi akitaka kuaminiwa na atoe kumbukumbu ya tabiri zake zote za mwaka mzima, za kushinda na za kushindwa, zikiwa zimeandikwa kabla ya mechi kuchezwa. Asiyekuwa na kumbukumbu hiyo hana cha kumfundisha mtu.

SHERIA HAZIFANANI

Utaalamu una sehemu nyingine, nayo ni sheria. Makala nyingi huchukuliwa kutoka nchi za nje, zikabadilishwa maneno mawili matatu, zikachapishwa. Matokeo yake ni mchanganyiko usiomfaa mtu. Katika Tanzania michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2003, nayo inamkataza asiyetimiza miaka 18. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2016, iliweka miaka 25. Kenya iliongozwa na sheria ya mwaka 1966 kwa muda wa karibu miaka sitini, hadi ilipotunga sheria mpya mwaka 2025. Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa mteja halali upande mmoja wa mpaka na mvunja sheria upande wa pili. Kodi nazo hubadilishwa katika sheria za fedha za mwaka hadi mwaka. Makala ya miaka mitatu iliyopita inayorudiwa leo bila kukaguliwa yaweza kumtia msomaji hatiani au hasarani.

Kwa hiyo mwandishi anayesema "ni halali" au "kodi ni kiasi hiki" ataje nchi, ataje sheria na mwaka wake. Mtumishi wa serikali anaelewa vizuri jambo hili, kwa sababu hawezi kuandika barua ya ofisi bila kutaja waraka anaoutegemea. Kwa nini gazeti lidai kwake machache kuliko anavyodaiwa na faili?

WANAOKEMEA BILA KUJUA

Ingekuwa si haki kuwalaumu wanaoisifu kamari tu. Wapo pia wanaoikemea kwa maneno makali huku hawaijui. Huandika kwamba mchezaji hawezi kushinda kamwe, ilhali kijana anayesoma amemwona jirani yake akishinda juma lililopita. Huandika kwamba kila kampuni huwaibia wateja kwa hila, ilhali kampuni haihitaji hila yoyote. Hesabu iliyo wazi inatosha. Huchanganya bahati nasibu na mkeka, na mashine za sarafu zinazoitwa dubwi na meza ya karata. Kijana akiona kosa moja analoweza kulithibitisha, hutupa mawaidha yote, hata yale yaliyo ya kweli.

Onyo lenye nguvu ni lile lililo sahihi. Useme kwamba watu hushinda, kisha uonyeshe kwa nini wale wale wakiendelea kucheza hurudisha walichoshinda. Useme kwamba wengi hucheza kidogo wakaacha, kisha ueleze habari za wale wasioweza kuacha. Juu ya hao nako kuna elimu. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliingiza kamari isiyozuilika katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikaihamishia katika kundi moja na ulevi wa pombe na madawa. Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake zinajulikana: kukimbiza hasara kwa dau kubwa zaidi, kuficha, kukopa, kuahidi kuacha na kushindwa. Mwandishi anayemwita mtu wa namna hiyo mpumbavu au mvivu hajamsaidia mtu. Mwalimu mwenye deni katika maduka matatu na mkopo juu ya mshahara hahitaji kutukanwa. Anahitaji kuelezwa kwamba hali yake ina jina, na kwamba wapo wanaoijua.

NANI AMELIPA WINO

Baki swali ambalo aghalabu haliulizwi: nani amelipa makala yenyewe? Makampuni ya kamari ni watoa matangazo wakubwa. Tangazo si kosa, maadam limeandikwa kuwa ni tangazo. Kosa ni pale linapovaa kanzu ya makala. Ubaya huzidi pale mwandishi anapolipwa kwa kila msomaji anayemfikisha kwenye kampuni, kwani hapo hasara ya msomaji yaweza kuwa ndiyo mshahara wake. Mtu huyo anaweza kuwa na ujuzi wote wa hesabu, na bado asiutumie kwa faida ya anayemsoma. Ujuzi bila uaminifu ni kisu kikali mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila anayeandika juu ya kamari na aseme wazi kama anapokea chochote kutoka kwa wenye michezo, na mhariri alazimishe hivyo.

WAJIBU

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Makala ya gazeti inaweza kupelekwa darasani, wanafunzi wakatakiwa waikague kwa kalamu: nafasi ya kushinda ni kiasi gani, malipo ya haki yangekuwa kiasi gani, na yaliyotangazwa ni kiasi gani. Wanafunzi watakaofanya zoezi hilo mara tatu wataelewa uwezekano kuliko kwa mifano ya mipira myekundu na mieupe ndani ya mfuko, na hawatadanganyika upesi na orodha ya "mechi za uhakika". Kwao hesabu itakuwa ngao.

Watumishi wa serikali nao ni wasomaji ambao wengine huwauliza. Katika ofisi na mitaa, neno la anayesoma gazeti huchukuliwa kuwa na uzito. Kabla ya kupitisha habari ya mbinu mpya au ya mshindi mpya, yawapasa waulize maswali manne: Je, mwandishi ametaja nafasi ya kushinda kwa tarakimu? Je, ametaja walioshindwa pamoja na walioshinda? Je, sheria anayoitaja ni ya nchi hii na ya mwaka huu? Je, amesema nani anamlipa? Makala inayoyajibu maswali hayo manne inastahili kusomwa, hata kama msimamo wake haupendezi. Isiyojibu hata moja ni kelele. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wahariri, kwa upande wao, hapana budi wampime mwandishi wa kamari kama wanavyompima mwandishi wa uchumi au wa afya. Habari ya kilimo ikikosewa, shamba hupotea msimu mmoja. Habari ya kamari ikikosewa, ada ya mtoto huondoka usiku mmoja kwa kubonyeza kitufe, na asubuhi hapana wa kudaiwa. Fedha hizo ni za wasomaji wenyewe. Mwandishi anayewaandikia juu ya njia ya kuzitumia awape hesabu iliyo kamili, au aweke kalamu chini mpaka atakapojifunza.